BARAZA LA MWALIMU: Kofia ya Miezi Minne



Msimu wa masanduku umewadia. Kila nipitapo Broadway ya Southall wiki hizi nayaona yamepangwa nje ya maduka, makubwa yakiwa yamewameza madogo, na akina mama wenzangu wakiyavuta huku na huku kuyajaribu magurudumu kana kwamba wananunua punda. Shule zitafungwa mwishoni mwa Julai, na familia zetu nyingi zitaelekea Unguja na Pemba, Mombasa, Lamu na Dar es Salaam. Wakati wa kwenda masanduku hujazwa chokoleti, viatu vya watoto na dawa za wazee. Wakati wa kurudi hujazwa tunu za nyumbani. Ni hizi za kurudi ninazotaka kuzizungumza mwezi huu. Sababu ni kwamba mimi mwenyewe, niliyesimama mbele ya ubao kwa zaidi ya miaka thelathini nikiwafundisha watu kufikiri, nilizinunua vibaya, na huenda kosa langu likamfaa mwingine.

Mwaka 2024, siku chache kabla sijasafiri, mama mmoja wa jumuiya yetu alinishika mkono tulipokuwa tukitoka katika hitima. Akaniambia: “Mwalimu, niletee kofia mbili za wanangu, zile za kushonwa kwa mkono, nzuri nzuri. Lakini nakuomba zisizidi pauni kumi kila moja.” Nikaandika katika daftari langu: kofia mbili, za mkono, pauni kumi. Sikuona ajabu yoyote katika maneno hayo. Lau mwanafunzi wangu angeniandikia insha yenye mgongano wa namna ile ningeuzungushia wino mwekundu, lakini ya mtu mwenyewe hayaoni.

Basi nikafika Unguja mwezi wa Agosti, na siku ya tatu nikaingia Mji Mkongwe. Wanaoijua Gizenga wanajua jinsi mtaa ule ulivyo: mwembamba, na kila mlango una vikapu, vinyago, picha za tembo na mashuka mekundu ya Kimasai yanayoning’inia kama bendera. Nikaingia katika duka moja. Kijana mwenye duka akanisikia nikisema Kiswahili, akaniamkia shikamoo, akanipa kiti, na akaniambia kuwa kwa kuwa mimi ni mwenyeji atanipa bei ya wenyeji. Kofia nyeupe yenye nakshi ya rangi ya maziwa, shilingi 90,000. Nikacheka, nikasimama, nikaelekea mlangoni, nikaitwa, nikarudi. Tukavutana hivyo kwa muda wa kikombe cha chai, hata nikaipata kwa 45,000, ambazo kwa wakati ule zilikuwa kama pauni 13. Nilitoka dukani kifua mbele. Imezidi pauni kumi kidogo, nikajisemea, lakini yule mama atanishukuru.

Jioni nikamwonyesha dada yangu. Yeye hakuiangalia kofia kwa nje hata kidogo. Aliigeuza ndani nje, akaisogeza kwenye taa, kisha akacheka mpaka akaweka kikombe chini. “Umeibiwa, Mwalimu,” akasema. “Hii ya mashine.”

Nami nikaiangalia kwa jicho lake. Kwa ndani uzi ulikuwa umekwenda mfululizo, haukukatika wala kupigwa fundo popote, kama barabara isiyo na nyumba. Vile vilivyoonekana kwa nje kuwa vitobo havikuwa vitobo, bali vidoa vya uzi vilivyorundikwa mahali pamoja. Mwanga wa taa haukupenya. Kofia ya mkono, ndugu wasomaji, hutobolewa vitobo vidogo vidogo kwa mamia, na kila kitobo huzungushiwa uzi ukingoni mwake hadi kikakaza. Ndiyo maana kichwa hakichemki ndani yake hata jua likiwa kali: kofia inapumua. Inua kofia mbele ya dirisha. Ukiona nyota, ni ya mkono. Usipoziona, lipa bei ya mashine na usilipe zaidi. Na nyota zenyewe zisilingane sana, maana mkono wa binadamu huchoka, hupumzika na huanza tena.

Sisemi kwamba kofia ya mashine ni haramu kuvaliwa. Wanangu wamevaa hizo hizo za pauni tano kutoka hapa hapa Broadway na wamesalia nazo Idi wakiwa wamependeza. Ninachosema ni kwamba niliuziwa kama ya mkono, na nikajiona mjanja.

Kesho yake, baada ya Alasiri, dada akanichukua hadi nyumba ya tatu kutoka kwake, huko Ng’ambo. Barazani alikuwa ameketi bibi mmoja aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi, miguu ameikunja juu ya mkeka, kando yake mkebe wa biskuti wa zamani uliojaa nyuzi, na mkononi ameshika kipande cha bafta kilichochorwa kwa penseli. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Alikuwa katikati ya kitobo, na kitobo hakiachwi nusu. Alipokimaliza ndipo akanikaribisha.

Kofia ina vipande viwili: duara la juu na ukuta wa kuzunguka kichwa. Kila kipande ni kitambaa kilichopandanishwa, na kati ya tabaka hizo hupitishwa nyuzi zinazoipa kofia uimara, hata ikasimama wima yenyewe. Nakshi huchorwa kwanza. Baadhi ya nakshi zina majina, na wako akina mama wanaojulikana mtaani kwa uchoraji tu, wakachora na wengine wakashona. Kisha huanza kutoboa na kuzungushia, kutoboa na kuzungushia. Mwisho vipande viwili huunganishwa, kofia hufuliwa ikatoka uchafu wa mikono na alama za penseli, hutiwa wanga na huvishwa kitu cha mviringo ikauke na umbo lake. Ni kazi ya wanawake kwa kichwa cha mwanamume, na kutoka pwani yetu imevuka bahari hadi Oman, ambako huitwa kumma na huvaliwa kila siku.

Nikamwuliza bibi yule ile aliyoishika aliianza lini. “Baada ya Idi Ndogo,” akasema. Idi Ndogo mwaka ule ilikuwa Aprili, nasi tulikuwa Agosti. Akaniambia hushona kama saa mbili kwa siku, kati ya Alasiri na Magharibi, kwa sababu asubuhi ni jua na kazi za nyumba, na usiku macho hayakubali tena.

Mwalimu hawezi kujizuia kupiga hesabu. Miezi minne ni siku 120. Kwa saa mbili kila siku, ni saa 240. Nikamwuliza huiuza kwa kiasi gani. Akasema kuna mchuuzi ambaye hupita na kuzikusanya, naye humpa shilingi 70,000, akiwa na haraka ya fedha humpa pungufu. Gawanya mwenyewe, msomaji. Hazifiki shilingi 300 kwa saa, na hapo hatujatoa bei ya uzi wala ya bafta. Ile kofia ikifika Mji Mkongwe itatundikwa karibu na ya mashine, na mtu kama mimi atakuja kuivuta bei akitumia ile ya mashine kama fimbo.

Sasa nifike katika jambo ambalo nimesita kuliandika. Katika mkebe wake alikuwa na kofia nyingine iliyokwisha, ameifunga katika kitambaa safi. Akaifungua. Sitaieleza, nitasema tu kwamba niliposimama nayo mlangoni ilikuwa kama mbingu ya usiku ndani ya kiganja. Nikamwuliza bei. Akasema: “Wewe mgeni wa jirani yangu, nipe 120,000.” Na ulimi wangu, uliozoea sokoni, ukanitangulia. Nikasema: “Haya, tufanye laki moja.”

Hakujibu. Hakukasirika, wala hakunilaumu. Aliipokea kofia kutoka mkononi mwangu, akaikunja katika kitambaa chake, akairudisha mkebeni, na akatafuta sindano yake.

Ilikuwa pauni sita, ndugu wasomaji. Pauni sita ni kahawa na andazi katika kituo cha treni. Na dakika chache tu zilikuwa zimepita tangu nipige ile hesabu ya saa 240 na kusikitika kwa sauti. Dada yangu ndiye aliyelinusuru jambo lile, kwa mzaha, akisema kwamba mdogo wake amekaa Ulaya mpaka amesahau adabu. Bibi akatabasamu. Nikatoa 120,000 na nikaomba radhi. Akaniambia: “Hapana neno, mdogo wangu. Wote hufanya hivyo.” Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniuma.

Watu watasema kupatana bei ni mila yetu, na ni kweli. Mimi ni mtoto wa Unguja. Sijapata kununua samaki Darajani kwa bei ya kwanza. Lakini mila yetu haikuwa kupatana bei na kila mtu juu ya kila kitu. Mama yangu alipatana na muuza samaki, na muuza samaki naye alikuwa ameianzisha juu akijua. Mama hakupatana na fundi aliyemtengenezea kitanda. Kwa fundi aliuliza bei mwanzo, akaikubali au akaikataa, na kazi ilipokwisha alilipa aliyoyaahidi na kumwongezea kilemba. Kati ya dukani na barazani pana tofauti. Dukani, mwenye kuuza amenunua, na anajua anaweza kushuka mpaka wapi. Barazani, aliyeketi mbele yako ndiye aliyefanya, na kila unachokipunguza unakitoa katika saa zake.

Kofia nimeisimulia kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyonifunza. Nyingine nitazipitia kwa ufupi, ila mkeka, ambao siwezi kuupita upesi kwa kuwa nimelala juu yake utotoni.

Mkeka wa ukindu hauanzi kwa kusuka. Huanza porini kwa kukata makuti machanga ya mkindu, kuyaanika mpaka yakawa meupe, kuyachana, kuchemsha rangi na kuyatia humo. Ndipo husukwa ukili, utepe mrefu ambao mwanamke huusuka akitembea, akizungumza, akibembeleza mtoto, na kuuviringisha kama gurudumu. Kili zikitosha hushonwa ubavu kwa ubavu, na mwisho hutiwa pindo. Msala wa kusalia hufanywa vivyo hivyo, kwa kipimo cha mtu mmoja, na sijui kwa nini nyumba zetu hapa Southall zimejaa misala ya mahameli kutoka viwandani wakati msala wa ukindu ni mwepesi, unaoga kwa kitambaa kibichi na unanukia nyumbani. Tazama mshono wa nyuma: kili zikiwa zimekaribiana na uzi hauonekani, mkeka utakuzika, zikiachana, utaachana nao upesi. Usiukunje kama shuka, uviringishe. Na ukifika hapa usiuweke karibu na radieta, kwani joto lile kavu huufanya ukindu ukatike kama biskuti. Mara moja kwa mwezi upanguse kwa maji kidogo.

Kanga si kazi ya mkono. Zamani zilipigwa chapa Uingereza, Uholanzi na Japani. Tanzania ikapata kiwanda cha Urafiki mwaka 1968 kwa msaada wa China. Leo nyingi zinatoka India, hata zile zenye jina kubwa la Mali ya Abdulla, la duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa lililoanza mwaka 1887. Kwa hiyo unaponunua doti Biashara Street na kuipandisha ndege kuileta Southall, unaizungusha nusu ya dunia kitambaa ambacho kimetoka kwa jirani wa jirani yako. Haidhuru. Kilicho chetu katika kanga ni jina lake, na jina halitoki kiwandani. Lisome kabla ya kulipa. Ndugu yangu mmoja alimletea mkwewe kanga nzuri mno yenye maneno ambayo mpaka leo hayajasameheka.

Kwa vinyago, ujue mti. Mpingo ni mzito kuliko maji. Kipande chake huzama. Ukiambiwa kinyago ni cha mpingo nacho ni chepesi kama mkate, kigeuze ukwaruze chini kwa ukucha: mara nyingi utakuta mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu. Mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, na Wamakonde wanaouchonga hawaupati kwa urahisi kama zamani, kwa hiyo kinyago cha kweli hakiwezi kuwa rahisi. Kinyago kingi kinachouzwa Kenya, twiga na vifaru wa kupanga dirishani, ni kazi ya Wakamba, ambao mzee wao Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wana ushirika wao Changamwe, Mombasa, tangu mwaka 1963, na huko mtu aliweza kumwona mchongaji akichonga. Picha za Tingatinga nazo zilianzwa na Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli; alifariki mwaka 1972, kwa hiyo ukionyeshwa picha mbichi na ukaambiwa ni ya Tingatinga mwenyewe, cheka, kisha mwulize kijana aliyeichora jina lake yeye, na umwombe aliandike.

Na viko vya kuacha huko huko. Gamba la ng’amba, matumbawe, pembe ya ndovu, hata kama ni bangili ya marehemu bibi yako, vimo katika mkataba wa kimataifa unaoitwa CITES, na ukivileta bila kibali forodha wa Heathrow watavichukua na huenda wakakuandikia mashtaka. Zaidi ya hayo, Sheria ya Pembe ya mwaka 2018 iliyoanza kutumika tarehe 6 Juni 2022 inakataza kuuza na kununua takriban kila kitu cha pembe ya ndovu hapa Uingereza. Kwa vitu vya halali, anayeingia kwa ndege anaruhusiwa bidhaa za thamani ya pauni 390 bila ushuru. Weka risiti, hata kama ni karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa mkono. Na mifuko ya plastiki ya kubebea iacheni hapa, kwa maana Kenya imeipiga marufuku tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019.

Nirudi barazani. Nilipokuwa nikiaga, yule bibi aliniuliza swali: “Na huko kwenu, watu wana kazi gani ya mikono?” Nikafikiri. Nikamwambia wengi wetu tunafanya kazi uwanja wa ndege, wengine hospitali, wengine wanaendesha magari. Akasema, “La, nauliza ya mikono. Kitu ambacho mtu akija kwenu atakwenda nacho.” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeleta makopo manne ya biskuti yenye picha ya basi jekundu.

Niliporudi swali lile halikuniacha, na ndipo nikakumbuka jambo nililowahi kulisoma kisha nikalisahau. Southall yetu hii ilikuwa na mafundi. Mwaka 1877 ndugu wanne wa ukoo wa Martin, Robert Wallace, Walter, Edwin na Charles, walifungua kiwanda chao cha ufinyanzi kando ya mfereji wa maji, Havelock Road, mtaa ule ule ilipo sasa Gurdwara kubwa iliyofunguliwa mwaka 2003. Watatu walifinyanga, wakachora na kuchoma. Charles alikuwa na duka katikati ya London. Walitengeneza mitungi na, juu ya yote, ndege wa udongo wenye nyuso za binadamu, wenye kejeli machoni, ambao vichwa vyao hufunuka kama vifuniko. Hakuna wawili waliofanana. Inasimuliwa kwamba Charles alivipenda vitu hivyo kiasi cha kutotaka kuviuza, akavificha vilivyo bora mteja asivione. Duka liliungua mwaka 1903. Ndugu hawa hawakutajirika. Wa mwisho, Robert Wallace, alifariki mwaka 1923. Leo ndege mmoja wa aina hiyo hununuliwa mnadani kwa maelfu mengi ya pauni, na wanaoyapokea maelfu hayo si ukoo wa aliyeufinyanga.

Nilikwenda kwa miguu mpaka mferejini. Nilisimama hapo nikawatazama bata.

Yule mama aliyeniagiza alipoiona kofia aliishika kwa ncha za vidole, akaisifu sana, akauliza bei. Nilipomwambia kama pauni 35, akanirudishia polepole. “Mwalimu, kofia tu?” Mwanawe alikuwa kando yake amevaa viatu vya mpira ambavyo bei yake naijua, kwa kuwa mjukuu wangu anavyo. Sikusema kitu; nimejifunza kwa bibi yule kuikunja na kuirudisha. Nikampa ile ya mashine, kwa bei niliyoinunua mimi, nikamweleza kuwa ni ya mashine, akafurahi. Ile nyingine niko nayo. Lakini baada ya wiki tatu kijana mwenyewe, mwenye miaka kumi na mitatu, alinipigia mlango akiwa peke yake. Alitaka kuiona tena. Nikampeleka dirishani nikamwonyesha nyota. Akazihesabu mpaka mia moja na kitu, akapotea, akaanza upya. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake cha kutafutatafuta, kama bibi yule yu hai.

Yu hai, na ameniagiza. Anataka uzi wa pamba usiotoa rangi wala kuota manyoya ukifuliwa, kwa kuwa ule anaoupata siku hizi hukatika. Nikautafuta hapa Southall, ambapo kwa bahati hatukosi maduka ya vitambaa na nyuzi. Katika duka moja, mzee wa Kisikh mwenye ndevu nyeupe alinisikia nikizungumza na mjukuu wangu, akainua kichwa: “Uzi wa kofia, mama? Nyeupe kabisa, ama rangi ya maziwa?” Mzaliwa wa Kisumu, ameondoka huko mwaka 1968 akiwa kijana, wakati Wahindi wengi wa Kenya walipokuja Uingereza, na Kiswahili chake hakijaota kutu. Akanitandazia aina sita mezani, akavuta kila uzi kwa meno, akachagua mmoja. Nilinunua vishada kumi na viwili. Niliulizia bei mara moja, nikalipa. Yeye ndiye aliyeongeza cha kumi na tatu, akasema: “Hii peleka kwa fundi, sema imetoka kwa mtu wa Kisumu.”

Nitasafiri tena mwisho wa Julai, inshallah. Atakayetaka nimwagizie kofia kwa bibi huyo au kwa wenzake wawili wa mtaa ule, na aniletee jina na kipimo kabla ya tarehe 15, siku za Jumamosi baada ya darasa la watoto. Kipimo kichukuliwe kwa futi ya fundi cherehani, kupita juu kidogo ya masikio, kwa inchi. Mtoto anayekua aongezewe nusu inchi. Nusu ya fedha itangulie, kwa sababu bafta hainunuliwi kwa ahadi. Bei ni ile watakayoitaja wao. Na kofia haitapatikana chini ya miezi minne.

Agizo la kwanza nimekwisha kuliandika. Ni inchi ishirini na moja na nusu, na mwenyewe ametanguliza pauni nane, nyingi zikiwa sarafu.